Shaba Kwanza, Bei Baadaye: Nyaya za Mtandao katika Biashara za Kambi Muru

Mazungumzo kwa wenye saiba, maduka, zahanati na shule za Kambi Muru, Kaunti Ndogo ya Kibra

 

Kila mwaka, tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA. Siku hiyo foleni kwenye saiba za Kibera hufika nje ya mlango. Huyu anataka ritani, yule anaomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, na mwanafunzi anamalizia maombi ya mkopo wa HELB. Mtandao ukipotea kwa saa moja siku kama hiyo, wateja huhamia saiba ya pili, na wengine hawarudi tena. Mwenye saiba hupiga simu kwa kampuni inayomuuzia intaneti, naye hujibiwa kwamba mtandao uko sawa. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Intaneti imefika mlangoni. Inapotelea ndani, kwenye waya uliopita juu ya dari au kwenye kiunganishi kilichobanwa vibaya.

Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Waya wa TEAMS ulitandazwa baharini kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi pwani ya Kenya. Kutoka Mombasa mawasiliano hupanda hadi Nairobi na kusambazwa mitaani. Safari hiyo yote ya maelfu ya kilomita huishia kwenye kipande cha mita kumi ndani ya chumba cha mabati. Mwenye biashara hana uwezo juu ya waya wa baharini. Ule wa mita kumi ni wake, na makosa yake humgharimu fedha, na pengine maisha.

Je, Wi-Fi haitoshi?

Wapo wanaouliza kwa nini wahangaike na nyaya wakati kuna Wi-Fi. Kwa simu za wateja, Wi-Fi inafaa. Ila katika mtaa ulioshonana kama Kambi Muru, kila ploti ina ruta yake, na zote hugombania hewa moja. Katika masafa ya 2.4 GHz, ambayo ruta nyingi za bei nafuu hutumia, kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ruta kumi zikiwa karibu karibu, zitasubiriana kama matatu kwenye kituo kimoja. Juu ya hayo, bati huzuia mawimbi. Kwa hiyo vifaa visivyohama, yaani kompyuta za saiba, printa na kamera za usalama, ni bora viunganishwe kwa waya. Hewa ibaki ya simu.

Kuchagua waya

Waya wa kawaida wa mtandao una nyuzi nane ndani yake, zilizosokotwa mbili mbili na kuwa jozi nne: ya rangi ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kusokotwa huko si urembo. Ndiko kunakozuia jozi moja isiingilie nyingine, na kupunguza kelele za stima zinazotoka nje.

Kwenye ganda la nje huandikwa daraja la waya. Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabiti 1,000, hadi umbali wa mita 100. Cat6 hubeba kiasi hicho hicho kwa umbali huo huo, na yaweza kufikia gigabiti 10 kwa umbali mfupi wa takriban mita 55. Cat6A hubeba gigabiti 10 hadi mita 100. Sasa mfanyabiashara alinganishe na kifurushi anacholipia. Saiba inayonunua megabiti 20 kwa sekunde haitatumia hata sehemu ya ishirini ya uwezo wa Cat5e. Anayeambiwa kwamba bila Cat6A kompyuta zake sita zitakuwa nzito anauziwa kitu asichohitaji.

Muhimu kuliko namba ya daraja ni kilichomo ndani ya uzi. Waya halali wa madaraja haya una nyuzi za shaba tupu. Sokoni kuna mwingine ambao uzi wake ni alumini iliyopakwa shaba juu juu, na mafundi huuita CCA. Huuzwa kwa bei ya chini, wakati mwingine ukiwa umeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, huvunjika upesi inapokunjwa, na hulegea pale ilipobanwa na kiunganishi. Kamera inayopata stima yake kupitia waya huo huo wa mtandao huzimika na kuwaka, nao waya hupata joto. Cat5e ya shaba tupu ina thamani kuliko Cat6 ya alumini.

Njia za kuutambua ni rahisi, na mnunuzi anaweza kuzitumia akiwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la Luthuli Avenue. Kwanza, asome maandishi kwenye ganda: herufi CCA zikiwepo, jibu limepatikana. Pili, aombe kipande kifupi, atoe uzi mmoja na kuukwaruza kwa kisu. Shaba tupu hubaki nyekundu hadi ndani, lakini CCA huonyesha weupe. Tatu, aukunje uzi huo huku na huku, kwani alumini hukatika mapema. Nne, apime uzito kwa mkono. Boksi la shaba ni zito kuliko boksi la CCA lenye urefu ule ule. Muuzaji anayekataa kukwaruziwa uzi mmoja amekwisha kujieleza.

Vilevile kuna waya wenye karatasi ya chuma ndani ya ganda la kuzuia kelele. Huo hufanya kazi vizuri pale tu karatasi hiyo inapounganishwa na ardhi kwa njia ya kitaalamu. Katika chumba kisicho na waya wa ardhi wa kuaminika, ni gharama isiyo na faida. Kwa vyumba vingi vya Kambi Muru, waya wa kawaida usio na karatasi hiyo unatosha.

Kupima kabla ya kununua

Chukua mfano wa saiba ya chumba cha futi 12 kwa 12, yenye kompyuta sita na swichi iliyowekwa kwenye kona. Waya upandishwe ukutani, ufuate pembe za chumba na kushuka kwenye meza. Kompyuta mbili za karibu zitahitaji kama mita 3 kila moja, mbili za kati mita 6, na mbili za mbali mita 10. Jumla ni mita 38. Ongeza mita 2 kutoka kwenye ruta hadi kwenye swichi, zinakuwa 40. Kila waya uachiwe nusu mita ya ziada kila upande, ili kiunganishi kikiharibika kikatwe na kubanwa kingine bila kuvuta waya mpya. Nyaya ni saba, kwa hiyo ni mita 7 zaidi. Mita 50 zinatosha kwa kazi yote.

Boksi zima huwa na mita 305. Wafanyabiashara sita wa hesabu hiyo wanaweza kuchanga na kununua boksi moja la shaba tupu, kama wanavyofanya katika chama. Boksi lililofungwa lina jina la mtengenezaji, alama na risiti. Waya unaokatwa kwa mita kutoka kwenye bunda lisilo na boksi mara nyingi hauna lolote la kuuthibitisha, na CCA hupenda kujificha hapo.

Viunganishi na mpangilio wa rangi

Kila mwisho wa waya hufungwa kiunganishi kidogo cha plastiki chenye meno manane, ambacho mafundi hukiita RJ45. Kiunganishi lazima kilingane na waya. Nyaya zinazokaa ukutani huwa na nyuzi za shaba moja nzima. Zile fupi na laini za kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta huwa na nyuzi za vishaba vingi vyembamba. Meno ya RJ45 ya aina moja hayashiki vizuri aina nyingine. Kiunganishi cha Cat5e nacho kinaweza kukataa nyuzi nene za Cat6.

Mpangilio wa rangi unaotumika sana huitwa T568B. Kiunganishi kikishikwa klipu ikiwa chini na mdomo ukielekea mbele, kutoka kushoto nyuzi hupangwa hivi: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe hivyo.

Kuna mafundi wanaosema rangi zaweza kupangwa vyovyote mradi zifanane pande zote mbili. Kauli hiyo imewagharimu wengi. Meno ya 3 na 6 yanatakiwa kutumia nyuzi za jozi moja iliyosokotwa pamoja, na ndiyo sababu kijani inaruka buluu katikati. Nyuzi zikipangwa kijozijozi bila kuruka, taa za kipimaji zitawaka zote 8 kwa utaratibu na kila mtu atafurahi. Kumbe jozi mbili zimechanganywa, zinaingiliana, na mtandao utakuwa ukikwama bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo taa za kipimaji pekee hazitoshi. Mwenye biashara asome rangi kwa macho yake kupitia plastiki ya kiunganishi.

Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya kuingia kwenye meno, na ganda la nje liingie ndani ya kiunganishi ili libanwe pamoja. Ganda likibaki nje, mvuto wote hubebwa na nyuzi, na siku mtoto akijikwaa hapo zitachomoka. Baada ya kuunganisha, kompyuta ionyeshe kasi ya gigabiti 1 kama swichi yake ni ya gigabiti. Ikishuka hadi megabiti 100, mara nyingi uzi wa buluu au wa kahawia haujashika, kwa sababu kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu ilhali gigabiti huhitaji zote nne.

Kupitisha waya bila kujihatarisha

Hapa ndipo Kambi Muru inatofautiana na jengo la ghorofa la katikati ya jiji. Kuta ni za mabati au udongo, na nyumba zimegusana. Palipo na stima isiyounganishwa na fundi mwenye leseni, bati lenyewe laweza kuwa na umeme. Kabla ya kutoboa au kuegemeza ngazi, fundi apime bati kwa tesita ya stima. Akikuta lina umeme, kazi isimame hadi hitilafu hiyo irekebishwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Waya wa mtandao usipite tundu moja na waya wa stima, wala usifungwe nao pamoja. Kutenganishwa kwa sentimita 20 au zaidi ni desturi nzuri. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Waya wa stima ukichubuka pale zilipofungwa pamoja, volti 240 hupata njia ya kwenda kwenye kila kompyuta na kila mkono ulioshika kompyuta hiyo. Moto wa chumba kimoja hapa haubaki wa chumba kimoja.

Ukingo wa bati hukata kama kisu. Tundu la kupitishia waya liwekwe kipande cha bomba la plastiki. Ndani ya chumba, waya ufunikwe kwa mfereji wa plastiki, ambao pia huwapunguzia panya nafasi ya kutafuna. Usikunjwe kwa pembe kali, kona yake iwe na upana usiopungua mara nne ya unene wa waya. Usipigiliwe msumari wala kukazwa kwa kamba hadi ganda libonyee. Kwa madarasa na zahanati, ni vyema kuchagua ganda lenye alama ya LSZH, ambalo hutoa moshi mchache likiungua.

Waya wa ndani hautakiwi kuwekwa nje. Jua la juu ya mabati hupasua ganda lake, na mvua za Machi hadi Mei huingia kwenye nyufa. Nje hutumika waya wenye ganda jeusi lililotengenezwa kwa ajili ya jua na maji. Kabla ya kuingia ukutani, waya uachiwe tumbo linaloning'inia chini ya tundu, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye swichi. Usilazwe mtaroni kamwe, wala kuning'inizwa chini kiasi cha kugusa kichwa cha mama mwenye mtungi au mzigo wa mkokoteni.

Kutoka nyumba hadi nyumba

Hatari kubwa zaidi ni ya waya wa shaba unaounganisha nyumba mbili. Nyumba hizo huenda zinapata stima kutoka njia tofauti, moja ikiwa na hitilafu na nyingine ikiwa salama. Waya wa shaba kati yao huwa daraja la umeme huo, na radi ikipiga karibu, humaliza vifaa vya pande zote mbili. Kati ya nyumba na nyumba, njia salama ni faiba au redio.

Faiba hubeba mwanga ndani ya uzi wa kioo, na kioo hakipitishi stima. Inunuliwe ile isiyo na chuma chochote. Aina nyingi za kutundika huwa na waya wa chuma wa kuishikilia, na chuma hicho kikigusa bati lenye umeme, faida yote imepotea. Viunganishi vya faiba vya kijani na vya buluu visichanganywe, kwa sababu vioo vyake vimekatwa kwa pembe tofauti. Mdomo wa faiba hufunikwa kwa kifuniko chake daima, maana vumbi kidogo hupunguza mwanga. Na hakuna anayepaswa kuchungulia ndani yake, kwani mwanga huo hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho.

Njia ya redio nayo imekwisha kuthibitishwa hapa hapa Kibera. Mtandao wa jamii wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana kwa vifaa vya redio vinavyotazamana kutoka paa hadi paa, bila kuvuta waya juu ya vichochoro.

Sheria na makubaliano na fundi

Waya unaovuka barabara ya kaunti unahitaji kibali cha kaunti, na nguzo za Kenya Power hazitundikwi chochote bila idhini ya kampuni hiyo. Anayesambaza intaneti kwa majirani kwa malipo anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Tangu 2021 kuna utaratibu maalum wa mitandao ya jamii, hivyo vikundi havina sababu ya kufanya kazi gizani. Zahanati na saiba zinazohifadhi taarifa za watu zikumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Swichi ifungiwe kwenye kisanduku, na Wi-Fi ya wateja itenganishwe na kompyuta za kazi.

Makubaliano na fundi yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: aina ya waya, idadi ya viunganishi, siku ya kumaliza na muda ambao fundi atarudi kurekebisha bila malipo. Sehemu ya fedha ibaki hadi kila waya upimwe mbele ya mwenye biashara. Kila waya upewe namba pande zote mbili, na mchoro mdogo ubandikwe karibu na swichi. Mtandao ukisumbua siku ya foleni, hata kijana wa zamu ataweza kuona namba 4 ndiyo yenye shida na kuchomeka nyingine. Mchoro huo huo utamzuia kuchomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja, kosa dogo linaloweza kuangusha mtandao wote kwa dakika chache.

Kompyuta huzeeka baada ya miaka michache na ruta hubadilishwa kampuni ikibadilishwa. Waya mzuri uliopitishwa vizuri hubaki ukutani ukihudumia vyote hivyo. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na katika mtaa wenye kuta za mabati, ughali huo haulipwi kwa shilingi peke yake. Leo hii kila mwenye biashara anaweza kufanya jambo moja bila kutumia senti: afuate waya wake kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta ya mwisho, kwa macho tu bila kuugusa. Unapopita pamoja na stima, unapokatwa na bati au unaporuka kwenda nyumba ya jirani, hapo ndipo kazi ianzie.